Kimya Changu Hakikuwa Ndiyo

Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini nampikia baba kahawa. Naponda iliki, nachemsha, namimina kwenye dele, namwekea na sahani ya tende, kisha nakwenda zangu kituo cha afya cha hapa Ibra, Omani, ambako natoa dawa dirishani. Jumanne ile iliki ilibaki kwenye kinu. Mwanamvita, anayetusaidia kazi za nyumbani, mtu wa Tanga ambaye akiita Ibra anasikika mpaka Sur, pwani, aliingia jikoni mbio.

"Bi Tahani! Njoo uone! Pikapu ya samaki imekuja!"

"Nani kaagiza samaki?"

"Hawajaagizwa, wameletwa. Nguru kumi, kila mmoja mrefu kama mimi, wamelazwa kwenye barafu. Na masinia ya halwa. Na dereva anasema mabruk, hongera!"

"Mabruk ya nini?"

Mwanamvita akacheka. Aliponitazama vizuri akaacha kucheka.

"Dada, usiniambie hujui. Wanasema bi harusi ni wewe."

Nilitoka hadi mlangoni. Pikapu ilikuwa ya Bwana Zuhair, mkubwa wa tawi la ukoo wetu la Ashkhara, huko pwani. Baba alikuwa uani akimpa dereva mkono, uso umemjaa furaha.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba, bi harusi."

"Baba... hawa samaki..."

"Zuhair hana uchoyo, eh? Kesho baada ya Alasiri tunafunga ndoa. Wewe na mwanawe, Muatasim."

"Nani alimwambia nimekubali?"

"Mimi. Ijumaa nilikuja chumbani kwako, nikakwambia Muatasim anakuposa. Nikakuuliza unasemaje. Ulisema nini?"

"Sikusema kitu."

"Basi. Mwanamwali akiulizwa akanyamaza, ameridhia. Sharia hiyo, si mimi."

Ni kweli nilinyamaza. Nilinyamaza kwa sababu jina nililokuwa nalo mdomoni halikuwa la Muatasim. Lilikuwa la Laith bin Adil, na mwezi ule jina hilo halikuweza kutajwa nyumbani kwetu.

Miezi miwili nyuma alifariki Sheikh Khelef, sheikh wa ukoo wetu wa Awlad Jaid. Mwanawe wa pekee, Adil, alitangulia kufa kwa ajali. Waliobaki kuutaka usheikh ni wawili: baba yangu Ghanim, mtoto wa ndugu yake marehemu, na Laith, mjukuu wake, mhandisi wa Sur. Nyumba za Ibra ziligawanyika nusu kwa nusu. Aliyebaki kuamua ni Zuhair na watu wake wa Ashkhara. Alhamisi wazee wangekutana kwenye sabla, ukumbi wa wanaume wa ukoo, wampe mmoja mkono wa utii, watie sahihi, karatasi ipelekwe kwa wali, mkuu wa wilaya.

"Zuhair atatia sahihi Alhamisi," baba akasema taratibu, "ndoa ikifungwa Jumatano. Unanifahamu, mwanangu?"

Nilimfahamu vizuri sana. Nikainamisha uso. Akanipiga kofi dogo la begani, akaingia ndani.

Nikamwandikia Laith: "Nimeposwa na Muatasim wa Ashkhara. Ndoa ni kesho Alasiri." Alama za ujumbe hazijageuka buluu, simu ikaita.

"Tahani, ni mzaha huu?"

"Pikapu ya nguru kumi ni mzaha?"

"Nguru kumi! Kura za Ashkhara siku hizi zinakuja na barafu yake?"

"Laith, mimi sicheki."

"Samahani. Sikiliza. Waambie unaumwa, ndoa iahirishwe. Alhamisi wazee wakinipa mkono, Ijumaa nakuja kukuposa nikiwa sheikh. Nani atanikatalia?"

"Miaka miwili unaniambia nisubiri. Ulisubiri upate kazi. Ukasubiri babu apone. Sasa unasubiri usheikh."

"Nikija leo, ami Ghanim atasema nimekuja kumtega."

"Kwa hiyo baba anataka ninyamaze Jumatano, na wewe unataka ninyamaze mpaka Ijumaa. Mmepishana siku mbili tu."

Nikakata simu. Sijawahi kumkatia mtu simu maishani mwangu. Nilikaa nikiitazama kana kwamba nimeivunja.

Jioni nikaenda nyumba ya pili, kwa Bibi Fawziya, mjane wa Sheikh Khelef. Yumo edani, haonani na wanaume wa nje, lakini habari za Ibra zinamfika hazijaiva.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona sura hiyo? Umekwamwa na mwiba wa nguru?"

"Bibi, mimi sikukubali."

"Ulikataa?"

"Sikukataa."

"Ulifanya nini, basi?"

"Niliona haya."

"Lo! Haya ndiyo yakuoze?" Akanivuta nikae karibu naye kwenye godoro. "Mimi niliulizwa kwetu Malindi, Unguja, nina miaka kumi na saba. Nikanyamaza, kwa sababu Khelef nilimtaka mpaka meno yananiuma. Ndani ya kimya changu mlikuwa na furaha. Ndani ya chako mna nini?"

"Mna Laith."

Bibi akaweka tasbihi chini.

"Laith mjukuu wangu mimi? Yule mwenye masikio?"

"Bibi!"

"Haya, haya. Masikio ya babu yake, nayajua mimi." Akacheka, kisha akanishika kidevu. "Sikiliza. Kesho kadhi hafungi kitu mpaka mashahidi wawili waje mlango wa wanawake wakuulize. Ukinyamaza, umeolewa. Ukisema hapana, hakuna sheikh wala wali wa kukuoza. Neno moja, mwanangu."

"Na baba? Akiukosa usheikh kwa ajili yangu?"

"Ataumia. Na wewe ukiingia kwa Muatasim na mwengine moyoni, hapo wataumia wangapi? Na huyo Muatasim kakukosea nini?"

Hilo la Muatasim sikuwa nimelifikiri. Nilirudi nyumbani nikiwaza juu yake kwa mara ya kwanza, kijana wa watu, pengine naye hakuulizwa.

Jumatano nyumba ilinuka udi tangu mchana. Walinipaka hina, wakanivika kijani, wakaniketisha katikati ya chumba. Sauti za wanaume zilitoka ukumbini, upande wa pili wa ukuta. Kisha hodi mlangoni: Mzee Ussi wa Ibra na shahidi mmoja kutoka Ashkhara, wamesimama nje ya pazia.

Wa Ashkhara akauliza kwa Kiarabu. Mzee Ussi akarudia kwa Kiswahili, lugha ya nyumbani kwetu tangu Unguja, ili nisije nikasema sikufahamu.

"Tahani binti Ghanim, umeridhia kuolewa na Muatasim bin Zuhair, baba yako akiwa walii wako?"

Nikatazama mikono yangu. Wanawake wakatabasamu, huyu aoneaye haya ndiye bi harusi wa kweli. Mwanamvita akajaza pumzi.

"Amenyamaza," Mzee Ussi akasema. "Alhamdu..."

Mwanamvita akaachia kigelegele.

"Hapana," nikasema.

Kigelegele kikakatika katikati.

"Umesemaje, binti?"

"Sikuridhia, Mzee Ussi. Na Ijumaa sikuridhia. Nilinyamaza tu."

Nyayo za Mzee Ussi zikaondoka polepole kuelekea kwa wanaume. Muda mdogo tu, sauti ya Zuhair ikapenya ukutani.

"Ghanim! Nimesafiri kutoka Ashkhara na watu wangu wote, nije kuambiwa hapana na mtoto? Khalas! Samaki kuleni. Sahihi zangu kesho zina mtu mwengine."

Milango ya magari ikalia mmoja baada ya mmoja. Baba akaja chumbani. Wanawake wakatoka. Nilidhani atapiga kelele. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Umenitoa usheikh, mwanangu."

"Najua, baba. Kwa hilo nisamehe."

"Kwa nini hukusema Ijumaa?"

"Hukungoja, baba. Uliuliza ukaondoka."

Akavua kofia yake, akaizungusha mikononi.

"Nilijua," akasema. "Nilijua kimya kile hakikuwa cha furaha. Lakini kilinifaa."

Akasimama, akatoka.

Alhamisi baada ya Alasiri sabla ilijaa. Kwa kawaida wanawake hatuingii. Tunapika kahawa kwenye jiko la nyuma, na mlango mdogo unabaki wazi kidogo wa kupitishia madele. Nilikuwa hapo na Mwanamvita. Nilisikia kila neno.

Zuhair alianza hata kabla vikombe havijazunguka.

"Sisi wa Ashkhara tuko na Laith bin Adil. Damu ya Khelef, kasoma, ana adabu. Ila sheikh kijana anataka mgongo wa kuegemea. Mimi ninaye binti, Wiam. Nampa. Tukubaliane sasa hivi, tutie sahihi."

Nikasubiri Laith aseme kitu. Hakusema. Nilikijua kimya chake, nimeishi nacho miaka miwili. Kiti cha babu yake alikitaka tangu utotoni, na sasa kilikuwa mbele yake, hatua moja tu.

Zuhair akacheka.

"Kijana kaona haya! Kanyamaza, karidhia. Leteni karatasi."

"Ngoja."

Ilikuwa sauti ya baba yangu.

"Nini tena, Ghanim? Wewe yako yamekwisha jana."

"Yamekwisha, na ndiyo maana nasema. Ijumaa nilikichukua kimya cha binti yangu nikakifanya ndiyo, kwa sababu kilinifaa. Jana nimeaibika mbele yenu wote. Muulize kijana tena, Zuhair. Na ukishamuuliza, umngoje."

"Unamtetea mshindani wako?"

"Namtetea mtoto wa Adil."

Nikamsikia Laith akijikohoza.

"Wiam ni dada yangu, Mungu ampe wa kheri naye. Mimi simwoi. Na usheikh wa kupewa pamoja na mke, siutaki."

"Basi sahihi za Ashkhara huna!"

"Sina. Na ami Ghanim hana. Lakini sisi wa Ibra tumejigawa wenyewe nusu kwa nusu, ndiyo maana kila siku tunakutazama wewe mdomoni, Bwana Zuhair. Tukiwa kitu kimoja, hatuna haja ya kubembeleza."

Nikasikia nyayo zikivuka mkeka.

"Ami, nyoosha mkono."

"Laith, fikiri. Nusu ya watu wa Ibra wanakutaka wewe."

"Nimefikiri. Mtu anayeweza kusema hadharani kwamba alikosea, huyo nitamfuata. Nyoosha mkono, ami. Usiniache nimesimama kama kijiti."

Watu wakacheka, na katika kicheko kile nikasikia viganja vikikutana. Akafuata Mzee Ussi. Wakafuata wa Ibra, mmoja mmoja, waliokuwa upande wa Laith na waliokuwa upande wa baba. Mwisho kabisa Zuhair akanung'unika:

"Na mimi mtaniacha nimekaa peke yangu kama mkwe aliyekataliwa? Sogea, Ghanim, nikupe mkono. Lakini kahawa yenu leo imechelewa mno."

Nikamimina haraka, kahawa ikamwagika nje ya vikombe. Mwanamvita akaninyang'anya dele kabla sijajiunguza. Baba alikuwa sheikh. Ndani, baba akasema:

"Laith, umenipa kitu kikubwa. Unataka nini?"

"Mkono nimekupa bure, ami. Tafadhali usinilipe. Nina jambo jengine, ila mwenye kulijibu si wewe."

"Ni nani?"

"Binti yako. Namposa Tahani. Nilipaswa kuja miaka miwili iliyopita, nikawa nasubiri niwe mtu. Jana yeye kathubutu kusema mbele ya watu; kaniaibisha, Mungu ambariki. Akisema hapana, mkono wangu kwako uko pale pale."

Mwanamvita akanifinya mkono mpaka nikauma midomo. Nyayo nzito za baba zikaja mpaka kwenye mlango mdogo. Akasimama katikati yake, mgongo umewaziba wanaume, uso umenielekea mimi. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Tahani, mwanangu. Laith bin Adil anakuposa. Nakuuliza unasemaje, na leo kimya sikipokei. Nitasimama hapa mpaka Magharibi."

"Na sisi tutakaa," Mzee Ussi akasema kutoka ndani. "Kahawa ipo."

Uso ulinichoma. Maneno yalikuja mpaka kooni, yakarudi, yakaja tena.

"Namtaka, baba."

"Sauti. Kuna waliokaa mwisho."

Nikafumba macho.

"Namtaka Laith bin Adil!" nikasema, na sauti yangu ikapita begani kwa baba mpaka ukuta wa mbali wa sabla. "Awe sheikh, asiwe sheikh, nampenda. Nampenda miaka miwili, na neno hilo sikuwahi kulitamka kwa mtu, hata kwake mwenyewe."