Saa ya Kinshasa

Mikono yao ilikutana juu ya feni ndogo ya ordinatere, yaani kompyuta, kwenye meza ya muuza vyuma vilivyotumika katika soko la Nyakasanza, siku ambayo mvua ilikuwa imegeuza njia zote kuwa uji mwekundu. Pétronille hakuachilia. Mwanaume naye hakuachilia. Shati lake la bluu lilikuwa limepigwa pasi vizuri, lakini viatu vilijaa maji na vililia kila alipohamisha mguu.

"Dada, hii feni iko ya mugonjwa," akasema. "Mashini yetu ya hospitali iko na homa."

"Na yangu iko ya muzima? Nani alikuambia?"

Muuza vyuma akawaambia waoane au wamwachie auze. Mwanaume akaiachilia feni, kwa sharti apewe namba.

"Namba ya nini? Ya kiatu?" Pétronille akauliza, akivitazama vile viatu. Hata hivyo akampa.

Jina lake lilikuwa Blanchard, fundi pekee wa ordinatere katika hospitali moja upande wa Mbunya. Pétronille alikuwa amesoma informatike na alifanya kazi kwenye nyumba ya enternete katikati ya mji wa Bunia. Mapenzi yao yaliota kwenye simu. Blanchard alipiga kulalamika kwamba mashini kubwa ya hospitali inachoka bila sababu, na malalamiko yaliishia kwa kuitana "sheri" na kicheko. Mwisho akampa neno la siri, ili aweze kuingia katika mashini ile akiwa kazini kwake na kumsaidia.

"Sijamupatia mutu mwingine," alisema. "Hata mama yangu."

"Mama yako angeifanyia nini?"

"Angeiona kama viungo, aitie kwa mboga ya sombe."

Pétronille akaweka mlinzi ndani ya mashini: amri iitwayo sar, ambayo kila baada ya dakika kumi huandika jinsi mashini ilivyofanya kazi na jinsi ilivyopumzika. Kwa amri nyingine, awk, alichagua safu alizozitaka na kuzipanga zikanyooka, safi kama maharagwe yaliyopepetwa.

Ndipo ikafika Jumamosi ya Blanchard kujitambulisha kwa wakwe. Anaclet, baba mudogo wa Pétronille, alitoka Mahagi na wazee wawili, wakaleta samaki wa ziwa. Mashangazi walipika tangu alfajiri. Pétronille alivaa kitenge kipya cha kijani, mabega yamejazwa, nywele zimesukwa hadi ngozi ya kichwa inauma. Miadi ilikuwa saa tisa. Saa tisa ikapita. Simu ya Blanchard ikaita bila kupokelewa. Wazee wawili wakala, wakapanda gari la kurudi, maana njia ile haipitiki giza likikaribia. Blanchard alifika na mjomba wake wakati sahani zinaoshwa, amelowa mpaka mfupa.

Alieleza akiwa amesimama mlangoni pa ua. Saa tisa ikikaribia, akiwa anavaa koti kwa mjomba, hospitali ilimwita: mashini imekwama, majibu ya damu hayatoki, na mama mmoja anangojea kuongezewa damu. Alikimbia, koti na simu vikabaki. Alipambana na mashini mpaka saa kumi.

Anaclet alimjibu kwamba Mahagi si nyuma ya nyumba. Kisha akamgeukia Pétronille. "Niko hapa juma hili lote. Ukisema akuye tena, nitamupokea. Lakini ni weye utasema, na akikosa tena, haya itakuwa yako."

Jumatatu Pétronille aliingia katika mashini ya hospitali kwa nia njema kabisa. Alitaka ushahidi wa kumwekea Anaclet mezani. Akaiomba sar ile saa moja tu, kuanzia saa tisa hadi saa kumi. Mistari ikashuka, imenyooka. Mashini ilikuwa imepumzika. Hakuna kukwama, hakuna hata kikohozi.

Damu ikamchemka. Wazee wamelala njiani kwa ajili yake, mashangazi wamekula moshi, na yeye anamtumia mama mgonjwa kama mwavuli! Akachapisha karatasi, akapanda pikipiki, akamkuta kwenye baraza la hospitali.

Blanchard alisoma polepole. "Hii si ya kweli."

"Ni mashini yako inasema."

"Basi inasema bongo, inadanganya."

"Mashini haijue bongo. Ni batu banajua."

Blanchard akamrudishia karatasi. Hakupandisha sauti, na hilo lilimkera zaidi. "Nilikupatia neno la siri unisaidie kuchunga mashini, Pétro. Haukuniambia kama unachunga miye. Nenda, uambie baba mudogo vile unaamini."

Blanchard hakupiga simu tena. Pétronille aliona kimya hicho kuwa ni ungamo, na hasira yake ikanenepa. Jumatano alirudi kwenye kioo cheusi cha ordinatere kutafuta makosa zaidi. Kengele ya parokia ikalia ya adhuhuri. Akafanya ishara ya msalaba kama alivyozoea, na mkono ukiwa bado kifuani, mstari mpya ukaandikwa chini ya kioo. Mashini iliandika saa tano.

Akaitazama simu yake. Saa sita kamili.

Mashini ile ilitayarishwa Kinshasa, ikaletwa kwa ndege, na mpaka leo iliishi kwa saa ya Kinshasa, iliyo nyuma ya Bunia kwa saa moja. Hata saa wanatuwekea ya kwao, alinong'ona kwa uchungu. Lakini uchungu ulimrudia: aliyeweka mlinzi bila kumuuliza saa yake ni nani? Akaiomba sar Jumamosi ile tena, saa moja nyuma: kuanzia saa nane hadi saa tisa. Kwenye safu ya kupumzika, sifuri: mashini ilikuwa imekwama kwa kazi. Chini yake sifuri, na tena sifuri, hadi mwisho.

Jioni alipiga goti mbele ya Anaclet akamweleza yote.

"Basi nani alituletea haya hii?"

"Ni miye, baba."

Mzee akamwinua kwa mkono. "Mwambie akuye."

Kesho yake hospitalini Blanchard alimsikiliza bila kutabasamu, feni ya Nyakasanza, ambayo Pétronille alimpa zamani, ikivuma ndani ya mashini. "Ulianza kwa kunitetea?"

"Kwa kukutetea."

"Na ulipokosa ushahidi, haukuniuliza."

"Sikukuuliza."

Jibu hilo halikuwa na mapambo, naye Pétronille hakulitafutia. Blanchard akamsogezea klaviye ya kuandikia. "Rekebisha saa."

Pétronille akapitia orodha ya miji. Bunia haikuwemo; ilibidi kuchagua Lubumbashi, inayofuata saa ileile. "Unaona?" akasema, hasira ikimrudia. "Hata hapa hawatujue." Blanchard akacheka, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi.

"Baba mudogo anakungojea Jumamosi, saa tisa."

"Saa tisa ya wapi?"

"Ya hapa kwetu. Na ukikawia, nitakungojea. Kisha nitakuuliza weye."