Mtamba wa Halveig

Katika enzi zile kisiwa cha Aislandi hakikuwa na mfalme bado, na merikebu kutoka Norwei zilikuwa zikishusha watu, mifugo na mashoka kwenye fukwe zake nyeusi. Mwanamume alijitwalia ardhi kwa kuwasha mioto mipakani. Mwanamke alipewa siku moja tu ya machipuko: amwongoze mtamba, ng'ombe jike asiyezaa bado, wa miaka miwili tangu jua kuchomoza hadi kuchwa, na nchi atakayoipita iwe yake.

Halveig binti Orm, mjane aliyempoteza mumewe baharini, alikuwa na mtamba mmoja. Akishindwa, yeye na binti zake wangeishia kuwa vijakazi wa jirani yao Grimkel.

Na huyo Grimkel alizidisha wema. Siku ya kuamkia safari alikuja na joho lake la sufu na upanga kiunoni, akitabasamu.

"Mlaze mtamba zizini kwangu, binti Orm. Nyasi zangu ni bora."

Kukataa ukarimu kule kulikuwa tusi, na matusi yalilipwa kwa shoka. Halveig alikubali, lakini moyo wake haukutulia hata kidogo. Tangu lini fisi akamlisha mbuzi?

Alfajiri alimkuta mnyama akiramba kuta. Akaingiza kidole horini, akakionja: chumvi tupu! Hapo akaelewa. Hatua chache tu mbele kulikuwa na kijito. Mtamba angekunywa hadi tumbo lijae, alale, na siku iishe pale pale. Hasira zilimpanda, ila hakuwa na shahidi. Akamfunga mtamba kamba, akamtoa nje.

"Njia ya kijitoni ni tambarare," alisema Grimkel, aliyekuja kushuhudia kama desturi ilivyotaka.

"Nitapita kwenye mawe," akajibu Halveig.

Akamgeuza mtamba kuelekea uwanda wa mawe meusi, yaliyomwagwa na mlima wa moto, mahali pasipo na tone la maji. Grimkel alicheka. Kufikia adhuhuri mtamba aliyumba, ulimi nje, na Halveig alilia waziwazi huku akimvuta; alijua amecheza na maisha ya wanawe. Ndipo upepo ukageuka, ukaleta harufu ya mto mkubwa wa samaki ulioko upande wa pili, ule aliokuwa akiutamani Grimkel mwenyewe. Mtamba akainua pua. Akakaza kamba, akaanza kukimbia, na Halveig nyuma yake, viatu vimechanika, shahidi akihema mbali.

Jua lilipogusa milima, mtamba alikuwa amezama mtoni hadi magotini, akinywa.

"Mnyama wako amekimbia kama farasi," alisema Grimkel, uso umemsawijika.

"Ulimlisha vizuri, jirani," Halveig akasema. "Sasa toka kwenye ardhi yangu."

Wajukuu zake walivua katika mto ule, na bonde lote likaitwa Bonde la Mtamba. Lakini hadi mwisho wa uhai wake Halveig hakumlisha mnyama wake nyasi za mtu mwingine bila kuzionja kwanza.