Ini la Mume wa Watu

Haya yalimpata shangazi yetu, mkata nyama wa maabara ya magonjwa. Usicheke, kazi yake ilikuwa hiyo: kuchukua kipande cha nyama ya mgonjwa kilichogandishwa kwenye nta, kukikata chembamba kuliko karatasi, na kukibandika kwenye kioo ili wakubwa wakitazame kwa hadubini. Jumanne ile alikuwa mezani kwake kama siku zote, redio ikiimba chini chini.

Mkubwa wake alikuwa Profesa, mtu mwenye digrii nyingi kuliko adabu. Wembe hakujua unashikwaje. Lakini shangazi akiona kitu kipya leo, kesho kimevumbuliwa na Profesa. Maiti kwake walikuwa malighafi, na ndugu za maiti makelele.

Saa nne asubuhi akaingia mama mjane. Mumewe alikufa kwa saratani ya ini, na kabla ya kufa aliruhusu kikatwe kipande kimoja cha utafiti. Shangazi alikikata kipande hicho, lakini Profesa akabeba na ini lote lililobaki, akalitia kwenye chupa ya dawa na kuliweka rafuni kama kombe la mpira.

"Naomba nimzike kamili," mama alisema.

Profesa akaangua kicheko. "Mama, hapa maabara, si buchani. Mzoga ukishaingia humu ni wa sayansi."

Mzoga! Shangazi aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Mjane hakulia. Aliitazama ile chupa, akanong'ona:

"Haya. Kaa naye."

Wiki hiyo walikuwa wakilinganisha vinasaba vya lile ini na vya mtu mwenye afya. Profesa alijitolea damu yake mwenyewe, maana afya ya nani ingeipita yake? Majibu yakatoka. Damu ya Profesa ilikuwa na vinasaba vya marehemu.

"Umechanganya vichupa! Miaka ishirini kazini, kichwani mna pumba tupu!"

Shangazi akamtoa damu tena, mbele ya macho yake. Majibu yale yale. Mara ya tatu bwana mkubwa akajitoa damu mwenyewe, akijichomachoma ovyo kama mtu anayetafuta kishikizo gizani.

Yale yale.

Akashika ubavu wa kulia. Akakaa chini.

Wakamkimbiza chumba cha picha za ndani ya mwili. Mpiga picha alitazama mashine, akamvuta shangazi pembeni.

"Dada. Yako mawili."

"Nini?"

"Maini. Na la pili limekatwa kipande. Pamenyooka, kama kwa wembe."

Shangazi akarudi mbio ofisini. Chupa ipo. Kifuniko kimekazwa. Dawa imejaa.

Ndani hamna kitu.

Profesa alikufa Ijumaa, macho ya manjano, akimwita mke asiye wake. Waliompasua walikuta ini moja tu, lake mwenyewe, zima. Shangazi alihudhuria mazishi, na sikufichi, alikwenda kuhakikisha. Kisha akaenda kumwomba radhi mjane. Alimkuta uani akinawa udongo mikononi.

"Nimeshamzika kamili," alisema, wala hakueleza zaidi.

Kile kichupa cha tatu cha damu ya Profesa hakuna aliyethubutu kukitupa. Kiko kwenye jokofu la maabara hadi leo. Kila kitu mle kimeganda kama jiwe. Hicho tu damu yake bado majimaji, na ukikishika, kina joto.