Majani Yaliyoingia Kwenye Mchicha

Hakuwa na saa, hakuwa na mwavuli, wala hakuwa na dada wa kugawana naye kazi za nyumbani. Zaidi ya yote, hakuwa na subira. Ndiyo maana msichana huyu aliitwa Upepo.

Kila Jumamosi alichuma mchicha nyuma ya nyumba ya shangazi yake, mshonaji aliyekuwa akimlea kwa kuwa baba yake alifanya kazi mbali. Sharti lilikuwa moja: chuma jani mojamoja, ukilitazama. Jumamosi moja wenzake walimsubiri uwanjani, basi akafyeka kwa kisu, fungu kwa fungu.

"Umechambua?" shangazi aliuliza.

"Nimechambua, shangazi." Akatoka mbio.

Aliporudi, shangazi alikuwa ameshaupika mchicha na kula, naye anagombana na gauni lililotundikwa ukutani.

"Simama wima nikupime! Mteja gani wewe, unayumba kama mlevi?"

Upepo alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akayaona macho ya shangazi. Mboni zilikuwa zimepanuka, nyeusi tititi. Midomo imekauka, ngozi ya moto kama pasi. Kicheko kikamkatika.

Jirani yao, fundi viatu, alimpeleka shangazi zahanati, Upepo akiwafuata. "Malaria imempanda kichwani," alimwambia daktari.

"Amekula nini leo?" daktari aliuliza, huku akiandaa sindano.

Upepo aliinamisha kichwa. Akisema, uongo wake utajulikana. Akinyamaza, shangazi atatibiwa ugonjwa asio nao, pengine afe.

"Mchicha," alisema kwa sauti ndogo. "Lakini sikuuchambua. Nilidanganya."

"Kimbia ulete mabaki!"

Mara hii mbio zake zilifaa. Katika fungu lililobaki bila kupikwa, daktari alichomoa kijiti chenye majani mapana na ua jeupe kama tarumbeta.

"Mnanaha!" alisema, akaiweka sindano kando. "Gugu hili lina sumu ziitwazo alkaloidi. Huzuia ujumbe wa neva usifike kwenye viungo. Mate hukauka, moyo hukimbia, na ubongo huona visivyokuwepo. Sasa najua ninachokitibu."

Asubuhi shangazi alifumbua macho, akaomba maji.

"Hivi ni kweli niligombana na gauni?"

"Ulitaka kulipima kiuno, shangazi."

Wakacheka wote, na Upepo akalia humohumo. Shangazi akamshika mkono.

"Mwanangu, mwenda pole hajikwai. Umeniokoa kwa kusema kweli. Ila siku nyingine usingoje mtu azidiwe ndipo useme. Sasa mwandikie baba yako, aisikie habari hii kwako kabla hajaisikia kwa fundi viatu."

"Mimi? Mdomo wangu una kufuli!" alilalamika fundi, aliyekuwa amekuja kuwajulia hali.

Upepo aliandika polepole, neno kwa neno, bila kuficha kisu wala uongo. Akausoma tena waraka wake, akaukunja, akalamba ukingo wa bahasha na kuibana vizuri. Kisha akatembea, hakukimbia, mpaka posta, akaitumbukiza sandukuni.