Kurasa Zilizofichwa

Kila alasiri Kisura alitoka shuleni akaenda moja kwa moja kwenye chumba cha shangazi yake, fundi wa kukarabati vitabu. Dirisha halikufunguliwa kamwe, maana upepo ungetawanya kurasa. Kisura alikata nyuzi kuukuu na kupanga mafungu ya kurasa ili shangazi ayashone upya. Tangu mama yake aende kufanya kazi mbali, hakuwa na pengine pa kwenda. Alijiona kama mfungwa.

Riwaya zenyewe za zamani hazikumsaidia. Kila mtu humo aliitafuta furaha kwa udi na uvumba, asiipate. Mmoja aliolewa na tajiri, akaishia kulia peke yake. Mwingine alizunguka dunia, akarudi mikono mitupu. Kisura alichoshwa nao. Siku moja alimkuta bibi harusi anacheka katika riwaya nene. Akachungulia fungu la mwisho, akaona mume anafariki. Basi akalificha fungu hilo chini ya kabati. Shangazi alishona bila kukagua, kwa kuwa alimwamini.

Wiki iliyofuata mkutubi wa shule, mwenye vitabu hivyo, alikirudisha kitabu. Alisema kwa upole kwamba hakina mwisho, na kwamba vitabu vilivyobaki angempelekea fundi mwingine. Shangazi aliinamisha kichwa, akasema labda yeye ndiye aliyezipoteza kurasa hizo. Kisura alitamani ardhi ipasuke immeze. Kazi hiyo ndiyo iliyowalisha.

"Si shangazi," alisema. "Ni mimi niliyezificha."

"Kwa nini, mwanangu?" shangazi aliuliza.

"Nilitaka angalau mmoja apate furaha, abaki nayo."

Mkutubi alivua miwani, akakaa. Akasema atasubiri kitabu kishonwe, na vile vingine asingevihamisha. Shangazi alimwagiza Kisura asome kwanza kwa sauti fungu alilolificha. Bibi harusi, sasa mjane, alilia kurasa nyingi. Kisha jirani akamletea kitoto chake amshikie, na kabla sura haijaisha, mjane alikuwa anakiimbia.

"Hukufika huku," shangazi alisema. "Ukificha kosa, mwingine hulibeba. Na ukiificha huzuni, unayaficha na yanayoifuata. Hujalia hata mara moja tangu mama yako aondoke."

"Nimemkumbuka, shangazi."

"Najua. Mimi pia."

Kisura aliliweka fungu chini, akalia.