Sinia Ishirini na Nne

Kila siku Mboni akitoka shule, kabla ya kwenda chuoni kusoma Kurani, alipita chumba cha uani kwa shangazi yake, akafungua daftari. Chumba hicho kilikuwa ghala la vyombo vya wanawake wa mtaa wao pale Ngamiani. Walikuwa wamechanga kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, mpaka wakapata masufuria manne makubwa, pawa za kuchotea mchuzi, mabirika, mikeka na sinia. Mwenye harusi aliazima hapo, na mwenye hitima aliazima hapo. Sinia ishirini na nne zilikuwa za shughuli kama hizo. Nyingine kumi na mbili zilikaa darini, hazikuguswa ila mtu akifiwa, kwa kuwa kifo hakipigi hodi.

Mtunza ghala alikuwa shangazi mwenyewe, Bi Sabiha. Zamani alihesabu kwa kokwa za ukwaju: sinia ikitoka, kokwa moja ilihama kopo. Mwaka wa 1956, Mboni alipoingia darasa la tano, shangazi alizimwaga kokwa zake na kumkabidhi mtoto daftari. Mboni alivimba kichwa kidogo, tuseme kweli. Alitembea na kalamu sikioni kama karani wa bandari.

Jumatatu moja, Mama Zubeiri, aliyekuwa ameazima sinia zote ishirini na nne, alirudisha vyombo baada ya maulidi ya nyumbani kwake. Alikuwa mke wa mfanyabiashara, mwanamke wa heshima zake, na hamali alimfuata nyuma akisukuma mkokoteni. Shangazi alikuwa hayupo.

"Shikamoo, mama," Mboni alisema, akaanza kuzitenga sinia. "Moja, mbili, tatu..."

"Marahaba. Wanihesabia, mwanangu?" Mama Zubeiri aliuliza taratibu. "Mimi?"

Mboni aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Kumhesabia mtu mzima mbele ya uso wake! Aliacha pale pale, akaandika: *Sinia 24, zimerudi.* Mama Zubeiri alimsifu kwa adabu zake, akaenda.

Mboni alipobaki peke yake, alihesabu. Zilikuwa kumi na nane. Alihesabu tena, na sinia hazikuzaa. Angeweza kufuta. Angeweza kumwambia shangazi usiku ule ule. Lakini aliogopa kunyang'anywa daftari, akajiambia kwamba hizo sita zitarudi zenyewe. Akafunga mlango.

Siku ya tatu alikuja Bi Mwamvua, mjane aliyeuza vitumbua karibu na soko. Ijumaa ya wiki iliyofuata angemwoza binti yake, na kabla ya hapo alitaka kumsomea marehemu mumewe hitima. Mboni alimfungia sinia zote ndani ya gunia. Kisha akaandika: *Sinia 24, zimetoka.* Bi Mwamvua hakuhesabu. Alimshukuru, akamwekea vitumbua viwili kwenye jani la mgomba.

Gunia liliporudi baada ya hitima, shangazi alikuwepo, na yeye hakuwa na haya ya kuhesabu. Kumi na nane. Akamwambia Mboni asome daftari.

"Zilitoka ishirini na nne," Mboni alisoma kwa sauti ndogo.

"Nilichopewa ndicho nilichorudisha, dada Sabiha," Bi Mwamvua alisema. "Wallahi sikuficha hata kijiko."

Jioni ile wanawake wa chama hicho cha vyombo walikutana uani. Hakuna aliyemwita mwenzake mwizi, ila walisema, "Daftari ndilo hilo." Wakaamua Bi Mwamvua asiazimwe chochote mpaka azilete sinia sita. Na harusi ilikuwa imebaki siku nne. Wageni wangepakuliwa chakula kwenye nini? Bi Mwamvua alijifunga kanga yake vizuri, akaondoka bila kuaga. Mboni alikuwa amekaa nyuma ya mlango. Alivikumbuka vitumbua viwili alivyokula siku ile.

Kesho yake alitumwa sukari dukani. Bi Mwamvua alikuwa ndani, amesimama mbele ya meza ya mwenye duka. Alifungua pindo la kanga, akatoa vipuli viwili vya dhahabu. Mboni alivijua, maana binti yule alikuwa amewaonyesha wasichana wote wa mtaa vipuli vyake vya harusi.

"Hivi vitanipatia sinia sita?" Bi Mwamvua aliuliza.

"Ngoja mwanangu aje na mizani," mwenye duka alijibu. "Rudi alasiri."

Mboni aliisahau sukari. Alikimbia mpaka nyumbani, akamkuta shangazi akichambua mchele, akapiga magoti.

"Shangazi, si Bi Mwamvua. Ni mimi. Zilirudi kumi na nane kutoka kwa Mama Zubeiri, nikaandika ishirini na nne. Nilijua, na sikusema."

Bi Sabiha aliweka ungo chini. Mboni alingoja kofi, lakini halikuja. Angefurahi zaidi lingekuja.

"Inuka," shangazi alisema. "Tunaanza kwa uliyemuumiza."

Nyumbani kwa Bi Mwamvua, Mboni alisema yote kwa kinywa chake, huku bibi harusi akimtazama. Alipomaliza alilia.

"Ulikula vitumbua vyangu, huku wajua?" Bi Mwamvua aliuliza.

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

Bi Mwamvua alivifungua vipuli kwenye kanga na kumrudishia binti yake.

Kutoka hapo walikwenda kwa Mama Zubeiri, ambaye alishika shavu aliposikia habari.

"Jamani, Kigombe! Niliwapelekea wakwe zangu wa kule pilau siku ya maulidi, sinia sita. Nao hawarudishi chombo kitupu, wangoja wapate cha kutia." Aliinamisha kichwa. "Nami nikamzuia mtoto asihesabu."

Shangazi alimtazama Mboni. "Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Lakini daftari la uongo ni baya kuliko kokwa zangu, maana watu huliamini. Ungehesabu mbele ya Mama Zubeiri, angekumbuka Kigombe siku ile ile. Kuhesabu si kumtuhumu mtu, mwanangu. Ni kumlinda asije akatuhumiwa. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo. Kosa lililofichwa hutafuta mtu wa kulibeba."

Alhamisi sinia sita zilishuka kutoka juu ya basi la Kigombe, zimejaa papa mkavu, mihogo na nazi. Mama Zubeiri alivipeleka vyakula vyote kwa Bi Mwamvua, viwe vya harusi. Wanawake wa chama walimfuata Bi Mwamvua kwake, wakamwomba radhi mmoja mmoja.

Jioni Mboni alimpelekea sinia. Alizipanga mlangoni, akahesabu kwa sauti, moja baada ya nyingine, mpaka ishirini na nne. Kisha akafungua daftari, lakini hakuandika.

"Tafadhali, mama, hesabu na wewe."

Bi Mwamvua alimtazama, kisha akavuta kigoda, akakaa karibu naye.

"Haya," alisema. "Rudia tangu mwanzo. Mara hii tuhesabu wote wawili."