Ng'ombe wa Mzee Anaeli na Tarehe Iliyogeuka

Aikande hukata majani ya ng'ombe asubuhi, kisha huwasha kompyuta. Yeye ni katibu wa kikundi cha wafugaji huko Machame, na kazi hiyo anaipenda kweli. Ng'ombe yeyote akipandishwa, tarehe anaiandika daftarini, kisha kwenye jedwali la kompyuta. Jumapili alilitoa jedwali kwenye programu likawa faili, akamtumia Theodory, bwana mifugo.

Kesho yake, mwisho wa Februari, Theodory akapiga simu.

"Ng'ombe wa mzee Anaeli amepitiliza. Alitakiwa azae katikati ya mwezi huu. Kesho nakuja kumchoma sindano ya kumzalisha."

Aikande alishtuka; hakukumbuka tarehe ya mapema hivyo. Mzee yule ana ng'ombe mmoja tu, na ndama akitoka kabla ya wakati haponi. Alikwenda mbio hadi kwake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahema?"

Zizini, ng'ombe alikuwa anatafuna mgomba, hana habari. Kiwele hakijajaa hata kidogo.

"Huyu bado sana," alisema Anaeli. "Alipandishwa mwezi wa nane, tukivuna kahawa."

Aikande akabeba kompyuta hadi kwa Brenda, jirani anayefundisha kompyuta Moshi mjini. Brenda alitazama, akacheka.

"Dada, wewe uliandika 5/8. Kwenye faili uliyotuma imekuwa 8/5. Programu hii ikitoa jedwali hutanguliza mwezi. Theodory kasoma tarehe nane Mei."

"Jamani, nami niliiamini kama mchungaji."

"Inafuata ilivyopangwa tu. Kabla ya kutoa jedwali, fungua mipangilio, utafute muundo wa tarehe. Chagua siku, jina la mwezi, mwaka. Halafu fungua faili, ulinganishe na daftari, ndipo utume."

Aikande alifanya kwa mkono wake mwenyewe. Faili ikatoka imeandikwa 5 Agosti. Hapo hata mwenye haraka zake hakosei. Akaituma, akampigia Theodory.

"Afadhali umeniwahi," alisema Theodory, akashusha pumzi. "Basi tumngoje hadi katikati ya Mei."

Mei ilipofika, ng'ombe alizaa ndama jike, mzima, mwenye miguu mirefu. Mzee Anaeli alifurahi mpaka machozi yakamtoka, wala hakuyaficha.

"Nimempa jina Aikande," alisema.

"Baba, ndiyo nimekuwa ng'ombe?"

"Wewe ndiye uliyemwacha alale tumboni mpaka siku yake."